Mpeni Mtoto Mkate Aupeleke

Barua ya wazi kwa wahariri na wachapishaji wa vitabu vya watoto nchini Kenya, na kwa majopo yanayovisoma kabla havijafika shuleni

Wapendwa wahariri,

Jumamosi iliyopita mvulana wa miaka tisa alichelewa kufika chini ya mwembe tunaposomea. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, naishi hapa Gatuanyaga, mashariki ya mji wa Thika, na kila Jumamosi asubuhi hutandika mkeka nikafungua sanduku la vitabu vya hadithi, wakaja watoto wanaotaka kuja. Huyu alikuja anahema. Shosho yake, yaani nyanya yake, alikuwa amemtuma dukani, ng'ambo ya barabara ya Garissa, na noti ya mia mbili. Alinieleza safari nzima. Noti aliikunja mara nne akaifumbata. Njia nzima alikuwa akirudiarudia kimoyomoyo asije akasahau: unga pakiti moja, mafuta ya kupima ya ishirini, kibiriti. Alipofika barabarani alingoja malori mawili ya mawe yapite, halafu matatu iliyokuwa nyuma yake, halafu bodaboda iliyokuwa imejificha nyuma ya matatu. Aliporudi nyumbani, shosho alihesabu chenji sarafu moja moja, akainua macho, akasema, "Haya."

"Haya tu?" nikamuuliza.

"Haya tu, mwalimu." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika kutoka mbali.

Nawaandikia kwa sababu ya uso huo, na kwa sababu ya kilichofuata. Siku hiyo tulisoma kitabu kizuri kwa macho, chenye picha za rangi na herufi kubwa. Mtoto anapotea msituni. Anasikia fisi. Analia. Baba yake anafika na tochi na majirani wawili, wanambeba hadi nyumbani, na kwenye ukurasa wa mwisho mama anamwambia kwamba watoto wema husikiliza wakubwa. Kisha yanakuja maswali ya ufahamu. Mvulana wangu alikichukua kitabu akarudisha kurasa nyuma, moja, mbili, tatu, kama anayetafuta kitu alichodondosha.

"Mwalimu," akasema, "yeye alifanya nini?"

Sikuwa na la kumjibu, kwa maana mtoto wa kitabuni hakuwa amefanya kitu. Alipotea, akalia, akapatikana. Huyu wa kwenye mkeka asubuhi hiyo hiyo alikuwa amevuka barabara kuu, amelinda pesa za watu, amebeba orodha kichwani bila kuiandika, na amerudi na chenji kamili. Kati ya hao wawili, aliyefaa kuandikwa ni yupi?

Jioni nilivimwaga vitabu vyote vya sanduku langu mkekani nikavisoma upya na swali lake: mtoto huyu alifanya nini? Katika vingi anaokolewa. Katika vingine anaonywa, anapuuza, anaumia, anatubu. Katika vichache anashinda mtihani. Ninavipenda vitabu hivyo, nimevinunua kwa mshahara wangu, na sitaki vichomwe. Lakini mtoto aliyetumwa mahali pagumu, peke yake au na wenzake, akaenda na akarudi na alichotumwa, huyo nilimtafuta hadi taa ikazimika.

Mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Kamĩrĩĩthũ kule Limuru, ndani ya kaunti hii hii ya Kiambu, aliwaandikia watoto kwa Kikuyu hadithi za Njamba Nene, jina lenye maana ya shujaa mkubwa. Ya kwanza ilitoka 1982. Njamba Nene ni mtoto wa maskini, mwana wa Wacu, nguo zimechanika, na wenzake darasani wanamcheka kwa sababu ya umaskini wake na kwa sababu anathamini lugha ya kwao. Basi la shule linapaa angani, linawaangusha katika msitu wasioujua, na hapo yule aliyechekwa ndiye anayejua la kufanya. Wenye Kiingereza kizuri wanamfuata. Katika hadithi ya pili, ya 1984, Njamba Nene anakabidhiwa mkate aupeleke kwa wapiganaji wa Mau Mau. Ndani ya mkate mna bastola.

Nilipowasimulia watoto habari ya mkate huo, walinyamaza kimya hata nikasikia kuku wakiparua upande wa pili wa ua. Na ndipo nilipokumbuka mkate mwingine.

Huo ni wa pwani, na ni wa kale zaidi. Fumo Liyongo amefungwa gerezani. Mama yake kila siku humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, na kila siku walinzi hukinyang'anya kile kizuri. Liyongo anamtuma Saada kwa mama kwa maneno ya fumbo: afanye mkate wa wishwa, na ndani yake afiche tupa. Saada anaubeba ule mkate mbaya hadi mlangoni. Walinzi wanaukagua, wanaudharau, wanamwacha apite nao. Usiku, ngoma na pembe zikilia nje, Liyongo anakata minyororo. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliuandika utenzi wa habari hizi mwaka 1913, na tangu hapo tumemtukuza Liyongo kwa urefu wake, kwa upinde wake, kwa mashairi yake. Mimi nawaomba mumtazame Saada. Liyongo alikuwa jitu la nguvu, na nguvu zake hazikumtoa gerezani. Alitolewa na aliyeshika ujumbe kichwani bila kukosea neno, akapita mbele ya wenye silaha na uso mkavu, na akadharauliwa, na kule kudharauliwa ndiko kulikompa njia. Watoto wangu wanamwona Saada kama msichana wa rika lao. Sikuwakatalia.

Unga pakiti moja, mafuta ya kupima ya ishirini, kibiriti. Mnaona nilikofika. Watu wa bara na watu wa pwani walipotaka kuonyesha mdogo akithibitisha kuwa anafaa, hawakumpa upanga wala joka la kuua. Walimpa mkate. Walimtuma. Katika nyumba zetu, mtu hupimwa kwa kutumwa, na siku mtoto anapotumwa kwa mara ya kwanza mahali ambapo jana alitumwa kaka yake, siku hiyo amepanda daraja, na yeye mwenyewe anajua, na mdogo wake anajua.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu ambalo pengine kutoka ofisini Nairobi halionekani. Gatuanyaga iko kati ya mito miwili. Kaskazini yetu ni mto Thika, ambao huenda kujiunga na Tana, na Tana huingia baharini karibu na Kipini, mahali ambapo wenyeji husema ndipo lilipo kaburi la Liyongo. Kusini yetu ni mto Athi, ambao hubadilika jina njiani, ukaitwa Galana na mwisho Sabaki, hadi kaskazini ya Malindi. Mtoto wa hapa akidondosha kipande cha mti huku, kitaelekea kwa Liyongo, akidondosha kingine kule, kitaelekea Malindi. Nilipowaeleza hivyo, wawili waliondoka mbio wakaleta vijiti. Mnipe nchi yenye ramani bora kuliko hii kwa hadithi ya msako.

Na mlima tunao. Kila asubuhi isiyo na ukungu Kilimambogo iko pale, mita 2,145, wengine huiita Ol Donyo Sabuk kwa Kimaasai, Wakamba huiita Kyanzavi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu maisha ya Wakikuyu, aliutaja kwa jina la Kĩa Njahĩ, mlima wa mvua kubwa, mmoja wa milima ambayo Ngai, Mungu wa Wakikuyu, hupumzikia. Una nyati hadi leo. Ubavuni mwake kuna kaburi la Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyemiliki mashamba makubwa ya Juja na huku. Alifariki mwaka 1925, naye alikuwa ametaka azikwe kileleni, lakini chombo kilichomvuta kikashindwa na mteremko, akazikwa njiani. Watoto wanaipenda sana habari hiyo. "Kwa hiyo hakufika juu?" wananiuliza kila mara, wakilitazama lile giza la miti. Mjane wake alijenga maktaba kwa jina lake katikati ya Nairobi, ikafunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Mwenye jina la maktaba amelala mahali ambapo watoto wangu wanaweza kupaona kwa macho wakiwa mkekani, na vitabu wanavyosoma havijui kama mlima huo upo.

Dunia inajua Thika. Inaijua kupitia macho ya msichana mmoja wa Kiingereza. Elspeth Huxley alikuja hapa akiwa mtoto mdogo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1959 akachapisha kumbukumbu zake, The Flame Trees of Thika, zikageuzwa tamthilia ya televisheni Uingereza mwaka 1981. Nimekisoma mara mbili. Kimeandikwa kwa jicho kali na kwa upendo, na sina ugomvi nacho. Msichana yule anaachwa aone, aogope, apande farasi, aulize, akosee, na kitabu hakimkatizi kumfundisha adabu. Ndiyo maana kinaishi. Lakini watoto wa Kikuyu waliokuwa wakiishi kando ya nyumba yake, nao walikuwa na macho, nao walitumwa, na kitabu chao hakikuandikwa. Na hadithi za msako zilizotufikia kwa Kiswahili katika vitabu vya kupigwa chapa, mwishoni mwa miaka ya 1920, zilikuwa tafsiri: kisiwa chenye hazina, mashimo ya mfalme Suleimani. Katika hiyo ya pili Waafrika wanaoanza safari ni watumishi na wabeba mizigo wa Waingereza waendao kumtafuta ndugu wa mmoja wao. Miaka karibu mia moja imepita. Mtoto wa Gatuanyaga bado anangoja abebe mzigo wake mwenyewe.

Sasa niseme langu, maana si haki kulalamika juu ya wengine nikaficha yaliyonikuta. Miaka michache iliyopita niliandika muswada. Watoto watatu wa hapa, wawili Wakikuyu na mmoja Mkamba, wanaona samaki wamekufa kandokando ya Athi. Wanaamua kufuata mto kwenda juu, kila mmoja na chupa za plastiki, na kila mahali mto mwingine unapoingia wanachota maji, wanafunga kifuniko, wanaandika kwa kalamu ya wino mzito jina la mahali. Wanataka kujua maji yanaharibikia wapi. Hilo sikulibuni: mto Nairobi humwaga uchafu wa jiji ndani ya Athi kabla maji hayajafika Fourteen Falls, na povu lake pale chini ya maporomoko kila mgeni hulipiga picha. Wanalala usiku mmoja kwa mama muuza mahindi. Wanagombana. Mmoja anarudi nyumbani, halafu anawafuata tena. Mwisho wanafika na chupa kumi na moja, wanazipanga juu ya meza ya mkutano wa wazee kutoka iliyo safi hadi iliyo nyeusi, na hawasemi neno.

Mhariri aliyeusoma alikuwa mwungwana na alinijibu kwa barua ndefu. Alisifu lugha. Kisha akaomba mambo matatu. Mwalimu awepo tangu sura ya pili, awaongoze. Chifu ndiye agundue uchafu. Na sura ya mwisho ieleze wazi umuhimu wa kutunza mazingira. Nilikaa na barua hiyo siku kadhaa. Nilijaribu, kusema kweli. Nilimwingiza mwalimu, na mara mwalimu alipoingia, watoto wakanyamaza. Hawakuwa na la kusema tena, kwa sababu kila swali lilikuwa na mtu mzima wa kulijibu. Nikaufunga muswada kwenye bahasha.

Najua sababu zenu na sizidharau. Ya kwanza ni usalama. Mtasema tusiwaandikie watoto watoto wanaotembea peke yao, nchi hii ina madereva walevi, ina watekaji, ina mito iliyofurika. Ni kweli, na nimemzika mwanafunzi aliyegongwa barabarani. Siandiki jambo hili kwa wepesi. Lakini kitabu kinachomficha mtoto barabara hakimwondolei ile barabara. Kesho asubuhi shosho atamtuma tena, maana miguu yake haiwezi. Hadithi nzuri ya safari inafundisha kungoja bodaboda iliyojificha nyuma ya matatu, na inafundisha kwa njia ambayo onyo halijui: msomaji anavuka pamoja na mhusika, moyo ukimdunda.

Ya pili ni soko. Karatasi ni ghali, ushuru upo, na kitabu cha hadithi kwa kawaida mzazi ndiye hukinunua, naye pesa zake zimekwisha kwenye sare. Mnunuzi wenu mkubwa ni shule, na shule hutazama idhini. Kwa hiyo mnaandikia jopo badala ya mtoto. Hapa nawageukia ninyi wa majopo, pamoja na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Tangu 2019 tunafundisha kwa Mtaala wa Umilisi. Umilisi ni kuweza. Ni neno zuri, nami nimelisomesha kwa moyo. Basi kitabu cha ziada kikifika mezani kwenu na mtoto ndani yake anaweza, msikikate alama kwa sababu hakuna mtu mzima aliyefunga hadithi kwa mawaidha. Kabla ya kuuliza kitabu kinafundisha maadili gani, ulizeni swali la mvulana wangu: yeye alifanya nini? Maadili yatakuwa humo, ndani ya kitendo, kama tupa ndani ya mkate.

Mkiniuliza ninataka nini hasa, ninataka vitabu vya msako vya Kiswahili, virefu vya kutosha mtoto wa gredi ya nne au ya tano akae navyo wiki nzima, si kurasa kumi na sita. Navitaka kwa Kiswahili kwa sababu kwenye mkeka wangu kuna Kikuyu, Kikamba, Kiluhya na Kiturkana, na Kiswahili ndicho wanachogombania na kupatania. Majina ya mahali yawe ya kweli: Munyu, Ngoliba, Kilimambogo, Kang'oki. Mnajua furaha ya mtoto kukuta jina la kituo chake cha matatu kwenye kitabu kilichopigwa chapa? Mimi nimeiona mara moja tu, katika gazeti, na lile gazeti lilitembea nyumba hadi nyumba mpaka likachanika mikunjo. Nataka wasichana watumwe mbali sawa na wavulana, maana nyumbani nao hutumwa, tena na mtoto mgongoni. Na watu wazima wawepo, wapendwe, ila wakati wa hatari wawe wamekwenda sokoni.

Tena msiogope mtoto akishindwa. Katika hadithi ambayo kila Mkikuyu wa umri wangu aliisikia, mke wa mhunzi amejifungua na yuko mikononi mwa zimwi, mumewe yuko mbali anafua chuma, na ndege mdogo, hua, ndiye anayetumwa kumwita. Hua anafika, anaimba, na wahunzi wanamfukuza. Anaimba tena. Wanamfukuza tena. Shosho yangu alikuwa akisimulia hapo polepole sana, akimfukuza yule hua kwa mkono wake, na sisi tulikuwa tukimsihi asimfukuze. Leo mhariri angeniambia nipunguze marudio. Lakini pale kwenye kufukuzwa ndipo tulipokuwa tukishikilia pumzi, kila mmoja wetu akiwa ndiye hua.

Muswada wangu nimeutoa kwenye bahasha. Sitawaomba muuchapishe, kuna wenye kalamu nzuri kuliko yangu katika nchi hii na baadhi yao wamekaa na miswada kama huu wakidhani hakuna atakayeitaka. Waandikieni. Waambieni mnautaka ule wa kwanza, wa kabla ya mwalimu kuingizwa sura ya pili.

Watoto walipojua ninawaandikia, waliniomba niambatishe ramani yao. Wameichora nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Mwembe wetu uko katikati na ni mkubwa kuliko Kilimambogo. Nyati ni watatu. Mto Thika ni wa samawati, Athi ni wa kahawia, na Kipini wameiweka karibu zaidi na Garissa kuliko inavyotakiwa, sikuwasahihisha. Njia ya safari wameichora kwa wino mwekundu kutoka dukani hadi daraja la kwanza, na hapo imekatika, kwa sababu hadi tunakunja mkeka saa sita mchana walikuwa hawajakubaliana nani abebe mkate.

Wenu,
Mwalimu wa Jumamosi,
Gatuanyaga, Thika